Kipepeo wa mndimu, nyenje, fukusi wa kunde au mbu: mdudu yupi wa kumlea Mombasa ili watoto waone anavyokua

Mwalimu au mzazi wa Mombasa anayetaka watoto waone kwa macho yao namna mdudu anavyokua hana haja ya kuagiza kitu. Kiwavi yuko kwenye mndimu wa uani, nyenje huja wenyewe chini ya taa ya baraza msimu wa mvua, fukusi yumo kwenye kunde za sokoni Kongowea, na viluwiluwi wa mbu wamo kwenye pipa lisilofunikwa. Kazi ni kuchagua. Makosa mengi huanzia mahali pamoja: mtu humchagua mdudu kwa uzuri wake akishakuwa mkubwa. Cha kupima ni hatua zipi zitaonekana wazi, kwa siku ngapi, na ni wapi mambo huharibika.

Njia mbili za kukua

Ngozi ya nje ya mdudu ni ngumu, haitanuki vya kutosha. Ili akue lazima aivue. Ngozi mpya hujengwa chini ya ile kuukuu, ya zamani hupasuka mgongoni, mdudu hujikwamua, kisha hujivimbisha kwa hewa au maji kabla ngozi mpya haijakauka. Kila akijivua gamba huhesabiwa kuwa ameingia hatua nyingine. Hili ni la wadudu wote. Wanachotofautiana ni sura ya anayetoka ndani ya gamba.

Nyenje, panzi, mende na vunjajungu hupita njia fupi: yai, tunutu, mdudu mzima. Tunutu hutoka kwenye yai akiwa na miguu sita, vipapasio, macho na mdomo uleule atakaokuwa nao ukubwani. Anachokosa ni mbawa na viungo vya uzazi. Mbawa huota nje, mgongoni, zikianza kama vichipukizi na kuongezeka kila anapojivua gamba. Haya ndiyo mabadiliko yasiyo kamili.

Kipepeo, nondo, nyuki, nzi, mbu na fukusi hupita njia ndefu: yai, buu, pupa (hatua ya kugeuka, ambayo mdudu hali chochote), mdudu mzima. Aina nyingi za wadudu duniani, takriban nane kwa kumi, hufuata njia hii. Faida yake kubwa ni kwamba mtoto na mzazi hawagombanii chakula: kiwavi hutafuna jani, kipepeo hunyonya maji matamu ya maua, kiluwiluwi huchuja vijidudu majini, mbu jike hufyonza damu. Viungo vya mdudu mzima huandaliwa ndani ya mwili wa buu, kwenye vifundo vya seli vinavyotulia hadi wakati wa pupa.

Mambo matatu hufundishwa vibaya mara kwa mara. La kwanza, kiwavi hayeyuki wote akawa maji ndani ya pupa. Misuli na viungo vyake vingi huvunjwavunjwa, lakini mirija ya hewa na sehemu kubwa ya mfumo wa neva hubaki na kupangwa upya. La pili, pupa wa kipepeo si kifukofuko. Kifukofuko ni nyumba ya nyuzi ambayo nondo wengi huisuka nje ya pupa, na kipepeo wa mndimu hasuki nyumba kama hiyo. La tatu, mdudu mwenye mbawa kamili haongezeki tena ukubwa. Inzi mdogo unayemwona jikoni si mtoto wa inzi mkubwa. Ni wa aina nyingine, au alikosa chakula alipokuwa buu.

Anayeamua lini na vipi ni homoni mbili. Ekdisoni hutoa amri ya kujivua gamba. Homoni ya ujana huamua anayetoka awe nani: ikiwa nyingi, hutoka buu mwingine mkubwa zaidi, ikipungua, hutoka pupa, halafu mdudu mzima. Watoto wakubwa wa darasa la 6 kwenda juu wanalielewa hili vizuri wakiwa na kiwavi hai mbele yao.

Hesabu ya siku

Hesabu hizi ni za joto la nyuzi 27 hadi 30, ambalo ni joto la kawaida la chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa. Julai na Agosti, upepo wa kusi unapopoza, ongeza siku chache kwa kila hatua. Februari na Machi mambo huenda mbio.

| Mdudu | Yai | Hatua ya kukua | Pupa | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Kipepeo wa mndimu | siku 4–6 | kiwavi, wiki 2–3 | wiki 2 hivi | wiki 5–6 |
| Nyenje | siku 10–14 | tunutu, wiki 6–8 | hana | wiki 8–10 |
| Fukusi wa kunde | siku 4–6 | buu, ndani ya punje | ndani ya punje | wiki 4 hivi |
| Mbu wa madoadoa | siku 1–3 | kiluwiluwi, siku 5–7 | siku 2 | siku 8–12 |
| Nzi askari mweusi | siku 4 | buu, wiki 2–3 | wiki 2 hivi | wiki 5–6 |

Kipepeo wa mndimu

Jina lake la kisayansi ni Papilio demodocus: mkubwa, mweusi, mwenye mabaka ya manjano hafifu. Mombasa anapatikana karibu popote palipo na mndimu, mlimau, mchungwa au mdanzi. Jike hutaga yai mojamoja, la mviringo, la manjano iliyopauka, upana wa milimita moja hivi, kwenye majani machanga ya ncha za matawi. Wakati mzuri wa kutafuta ni baada ya mvua, mti unapochipua.

Chukua yai. Kiwavi aliyekwisha kuwa mkubwa mwache mtini. Nyigu wadogo wa vimelea na baadhi ya nzi hutaga juu au ndani ya mwili wa kiwavi aliye nje, naye huendelea kula akionekana mzima wa afya. Darasa humlisha wiki mbili, pupa anapatikana, kisha anageuka rangi ya hudhurungi iliyokufa, hafunguki, na siku moja kunaonekana tundu dogo ubavuni na vinyigu vikitoka. Watoto huhuzunika kweli. Ukianzia kwenye yai na kulifungia nyuma ya chandarua, hasara hii hupungua mno.

Vifaa ni vichache: ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani au boksi lenye dirisha la chandarua, urefu usiopungua sentimita 30, karatasi ya tishu ya kutandika chini, chupa ndogo ya maji ya kusimamishia vitawi, na pamba ya kuziba mdomo wa chupa hiyo. Pamba isisahaulike. Kiwavi hushuka na kitawi hadi majini akafa, na hiki ndicho kifo cha kizembe kuliko vyote. Viwavi watano wanatosha darasa zima.

Kiwavi anayetoka kwenye yai ni mweusimweusi mwenye baka jeupe mgongoni, na katika hatua za mwanzo anafanana hasa na kinyesi cha ndege. Ndege humpita. Hukaa juu ya jani peupe bila kujificha, kwa hiyo watoto wengi humtazama na wasimwone mpaka waelekezwe. Akifika hatua ya tano, ya mwisho, hutoka kwenye gamba akiwa wa kijani, mnene, mwenye michirizi ya kahawia na mabaka yanayofanana na macho, urefu wa sentimita 4 na ushei. Mguse taratibu kwa unyoya nyuma ya kichwa: pembe mbili laini za rangi ya chungwa iliyokoza huchomoza kutoka ndani na harufu kali hujaa. Ni silaha yake dhidi ya chungu na maadui wengine. Mara moja kwa siku inatosha, kwani akisumbuliwa sana huacha kula.

Sehemu kubwa ya chakula cha maisha yake yote huliwa katika hatua hiyo ya tano. Hapa ndipo wengi hupungukiwa na majani, hasa wikendi. Kwa viwavi watano wakubwa anza na vitawi vinne vya urefu wa kiganja kila asubuhi, na ukikuta mishipa mitupu, ongeza. Majani yatoke kwenye mti usiopigwa dawa. Mndimu wa jirani uliopuliziwa juzi huua viwavi wote kwa usiku mmoja, na kuyaosha majani hakusaidii ikiwa dawa ni ya kuingia ndani ya mti. Ukikosa uhakika, mpe kiwavi mmoja kwanza, ungoje siku moja.

Unyevu wa Mombasa una adhabu yake. Kinyesi cha viwavi kikikaa siku mbili ndani ya kopo lililofungwa huota ukungu, viwavi hulegea, huwa weusi na kutoa maji. Badilisha tishu kila siku na usitumie kifuniko cha plastiki. Chandarua na mpira wa kufungia ndiyo kifuniko kinachofaa.

Siku ya kugeuka pupa ina dalili. Kiwavi huacha kula, hutoa kinyesi cha majimaji, huzungukazunguka akitafuta kijiti. Weka vijiti vikavu vilivyosimama mshazari tangu mapema. Akichagua, husuka kitako cha nyuzi cha kushikia mkia, kisha huzungusha uzi mmoja mgongoni unaomshika kiunoni, akiegemea kichwa juu. Hukaa hivyo siku moja hivi bila kusogea. Halafu gamba hupasuka na pupa hutokeza chini yake, laini, akipindapinda kulisukuma gamba litoke mkiani. Tukio lote huchukua dakika chache tu, na mtu akienda kunywa chai limempita. Rangi ya pupa, kijani au kahawia, hufuata mazingira: penye majani mabichi huelekea kijani, penye kijiti kikavu huelekea kahawia. Weka makopo mawili tofauti, uwe na jaribio la kweli la sayansi bila gharama.

Usimguse wala usimhamishe kwa siku mbili za mwanzo. Akianguka kwa sababu uzi umekatika, mlaze juu ya kitambaa karibu na ukuta wa kitambaa wa kupandia, maana kipepeo akitoka asipopata pa kuning'inia mbawa zake hukauka zikiwa zimekunjana na hataruka kamwe. Nafasi tupu ya sentimita 15 chini yake ndiyo kipimo salama. Siku moja kabla ya kutoka, ngozi ya pupa huonyesha weusi na manjano ya mbawa. Wengi hutoka asubuhi. Mbawa huwa ndogo na zenye makunyanzi. Kipepeo husukuma maji ya mwili kwenye mishipa yake mpaka zitanuke, kisha hungoja saa moja au mbili zikauke. Tone la majimaji analoacha ni taka za kipindi cha pupa. Si damu, na watoto waambiwe mapema.

Kwa kuonyesha mabadiliko kamili, hakuna anayemshinda huyu. Hatua zote nne ziko nje, kubwa na hazina hatari. Tangu 1993 wakazi wanaozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, pale Gede, wamekuwa wakilea vipepeo kwa ajili ya kuuza pupa nchi za nje, na sababu ya kuuza pupa ndiyo ileile inayomfaa mwalimu: hali, hanywi, hahami. Ijumaa ukifunga darasa ukiwa na pupa, Jumatatu unamkuta.

Kasoro yake ni msimu. Mti usipochipua, mayai ni ya kusaka.

Nyenje

Nyenje mweusi mwenye madoa mawili ya manjano mwanzo wa mbawa, Gryllus bimaculatus, ni mwenyeji wa Afrika na hufaa kuliko aina nyingine kwa sababu akiponyoka hajaharibu kitu. Hukamatwa usiku chini ya taa au chini ya mawe na makuti. Anza na madume matano na majike kumi. Jike ana mrija wa kutagia unaochomoza nyuma, mrefu, mwembamba, mweusi, katikati ya vipapasio viwili vya mkiani. Dume hana mrija huo, na mbawa zake zina mikunjomikunjo anayoisugua kutoa sauti.

Sauti hiyo ifikiriwe kabla ya lolote. Madume matano ndani ya nyumba ya ghorofa Tudor au Majengo watawaamsha watu usiku kucha. Shuleni si tatizo.

Beseni au kontena la plastiki la lita 40 hadi 50 lenye kuta laini linawatosha. Kifuniko kiwe cha wavu wa waya. Chandarua cha nailoni hutafunwa kikatoboka kwa siku chache, na asubuhi darasa zima lina nyenje. Ndani panga trei za mayai za karatasi zikiwa zimesimama, ili kinyesi kidondoke chini na kila nyenje apate pa kujificha. Chakula: chakula cha vifaranga cha kuku, kijiko kimoja kwa siku kwa kundi dogo, na majani machache ya mchicha au kipande cha karoti vilivyooshwa vizuri. Mboga za sokoni zenye mabaki ya dawa huua nyenje upesi, kwa hiyo mchicha wa bustani yako ndio bora. Maji yatiwe kwenye pamba iliyoloweshwa juu ya kifuniko cha chupa, ibadilishwe kila siku. Sahani ya maji ya wazi ni kaburi la tunutu.

Ili watage, weka bakuli la mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, kina cha sentimita 3 hadi 4, unyevu wa kushikana mkononi bila kudondosha maji. Majike huchoma mrija humo na kuacha mayai meupe membamba ya milimita 2 hadi 3. Baada ya siku mbili litoe bakuli na kulitia kwenye kontena jingine lenye trei. Usipolitoa, nyenje wakubwa hufukua na kula mayai. Uso wa mchanga ukikauka mayai husinyaa. Ukilowa chepechepe huota ukungu. Rashia maji kidogo asubuhi na jioni, funika nusu.

Wakianguliwa utadhani ni sisimizi. Kuanzia hapo somo ni moja na linajirudia: mdudu yuleyule, mkubwa zaidi. Hujivua gamba mara 8 hadi 10. Aliyetoka kwenye gamba muda huohuo ni mweupe, laini, hawezi kujitetea, na baada ya saa chache huwa mweusi tena. Watoto humwona huyo mweupe na kudhani ni mgonjwa au wa aina nyingine. Waonyeshe gamba tupu kando yake, lenye umbo la miguu na vipapasio. Mara nyingi hata kulila hulila mwenyewe.

Ni katika saa hizo za weupe wenzake humtafuna. Ukikuta miguu mitupu sakafuni, mambo mawili ya kuangalia: protini imepungua, au trei ni chache na wamebanana. Ongeza chakula cha vifaranga na trei moja. Katika hatua mbili za mwisho za utoto vichipukizi vya mbawa huonekana dhahiri mgongoni, na hatua hiyo, tunavyoona sisi, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mwanafunzi. Anaona mbawa ikikua hadharani, jambo ambalo kipepeo hulifanya kwa siri.

Maadui wa Mombasa ni chungu na mjusi kafiri. Weka miguu ya meza kwenye vikopo vya maji yenye mafuta kidogo juu. Mjusi huzuiwa na wavu tu.

Kasoro kubwa ni muda. Wiki 8 hadi 10 ni karibu muhula mzima, na mradi ulioanza wiki ya nne huenda usione mbawa kabla ya kufunga shule.

Fukusi wa kunde

Huyu ni Callosobruchus maculatus, mbawakavu wa milimita 3 hivi anayetoboa kunde na kuacha tundu la duara. Kwa shule yenye watoto 60 darasani na hela kidogo, tunamweka mbele hata ya kipepeo. Kila kikundi cha watoto watano kinaweza kuwa na chupa yake ya jemu, kunde 50, na jozi tatu za fukusi. Mdudu mzima hahitaji kula wala kunywa. Huishi wiki moja hadi mbili, hutaga, hufa.

Jike hugandisha yai juu ya punje. Yai jipya linaonekana kama tone angavu; baada ya siku 4 hadi 6 hugeuka jeupe. Weupe huo ni unga wa kunde uliosukumwa nyuma na buu anayechimba moja kwa moja kutoka chini ya yai kuingia ndani ya punje. Haonekani tena hadi atoke. Kabla ya kutoka huacha kidirisha chembamba cha ganda, kivuli cha duara kinachoonekana nje, kisha hugeuka pupa nyuma yake. Wiki ya nne hukata kidirisha na kutoka akiwa na mbawa.

Kwa hiyo hatua mbili kati ya nne zimefichika. Dawa yake ni kupasua: kila baada ya siku nne, mtu mzima apasue punje mbili zenye yai jeupe kwa wembe, watoto watazame kwa lenzi. Siku ya 10 utakuta buu mweupe mnene aliyejipinda, siku ya 20 pengine pupa mwenye macho yaliyoanza kuwa na rangi. Huyu pia ndiye mdudu wa hesabu. Mayai mangapi kwa punje? Wangapi wametoka? Punje yenye mayai matano hutoa fukusi wangapi, na je, ni wadogo kuliko wa punje yenye yai moja? Kuhesabu huku hakuna mdudu mwingine hapa anayekuruhusu kwa urahisi hivi.

Yanayoharibika ni machache. Kunde zilizonyunyiziwa dawa ya unga ya kuhifadhia hazifai, fukusi hufa kabla ya kutaga. Kunde zenye unyevu huota ukungu, hivyo zianikwe siku mbili kabla na mdomo wa chupa ufungwe kwa kitambaa cha kupitisha hewa. Chupa isikae juani, joto la dirisha la magharibi huua mabuu ndani ya punje. Na isikae karibu na jikoni ya shule: kundi moja likitoka, akiba ya kunde za mwezi imekwisha. Mradi ukiisha, tia chupa ndani ya friza wiki nzima.

Mbu

Ana mzunguko mfupi kuliko wote na kila mtu ana sababu ya kumjua. Mombasa imepata milipuko ya dengi zaidi ya mara moja, na chikungunya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu wa madoadoa meupe, Aedes aegypti, anayezaliana kwenye maji ya nyumbani: mapipa, vikopo, vifuu vya nazi, magurudumu ya gari. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, inahesabu maji yenye mbu wachanga kuwa kero. Kwa hiyo tusimtaje kama mdudu wa kulelewa. Ni wa kutazamwa na kuuawa.

Njia salama ni hii: teka maji yenye viluwiluwi kutoka pipa lilelile unalotaka kulisafisha, mililita 200 kwenye chupa inayoonyesha ndani, funga kwa chandarua kilichokunjwa mara mbili na mpira imara. Usiongeze chakula. Watoto wataona kiluwiluwi akining'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia ukigusa uso wa maji, na kila baada ya siku moja au mbili gamba tupu likielea. Kisha ataonekana pupa, mwenye kichwa kikubwa na mkia uliopinda, hali chochote lakini hukimbia akigutushwa. Siku ya kumwona pupa wa kwanza ndiyo siku ya kumaliza: mwaga maji yote juu ya sementi kavu yenye jua. Ukingoja siku mbili zaidi umezalisha mbu. Chupa isuguliwe kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hugandana ukutani juu ya maji, hukaa makavu miezi kadhaa na kuanguliwa maji yakirudi. Pipa nalo lisuguliwe vivyo hivyo. Kulimwaga tu hakutoshi.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka minane tungeacha kabisa.

Wengine wanaotajwa

Nzi askari mweusi anafaa shule inayofuga kuku na yenye taka za jikoni. Mabuu hugeuza maganda kuwa chakula cha kuku, na wakikaribia kuwa pupa hugeuka weusi na kuhama wenyewe kutoka kwenye uchafu kutafuta pakavu. Nzi mzima hali, hukaa siku chache tu, wala havutwi na vyakula mezani. Lakini kumpata atage kunahitaji kizimba chenye mwanga mwingi, na taka zikilowa kupita kiasi hunuka. Ni mradi wa kilimo zaidi ya somo.

Mende aachwe. Huchukua miezi mingi hadi kukua, na vumbi la magamba yake huwasumbua wenye pumu. Vunjajungu anavutia sana, ila kifuko kimoja cha mayai hutoa makumi ya tunutu kwa mpigo, wanaohitaji kulishwa wadudu hai na wanaolana wakikosa.

Kupanga kwa muhula

Muhula wa kwanza, kuanzia Januari, kuna joto la kaskazi na mindimu mingi haina machipukizi: fukusi huenda vizuri bila wasiwasi. Muhula wa pili huangukia mvua za masika na baada yake, nao ndio wa kipepeo. Muhula wa tatu ni mfupi. Fukusi tena, au kipepeo ikiwa mti wa karibu umechipua.

Ukiweza kulea wawili, walee kipepeo na nyenje kwa pamoja. Watoto waliomlea kipepeo peke yake huamini kila mdudu ana pupa, na maelezo ya ubaoni hayaitoi imani hiyo. Watagishe nyenje wiki ya kwanza ya muhula wa pili, halafu tafuta mayai ya kipepeo wiki ya nne au ya tano. Kwa mpango huo, viwavi wanapogeuka pupa tunutu wanakaribia kuchipuza mbawa, na daftari moja la vipimo, kila Jumatatu na Alhamisi, urefu kwa milimita na idadi ya magamba, hubeba wadudu wote wawili kwenye kurasa zinazotazamana.

Kipepeo aliyekauka mbawa aachiliwe asubuhi, karibu na maua, kabla jua halijawa kali. Nyenje wa porini warudishwe walipokamatwa, au kuku wa shule wapewe. Fukusi asiachiliwe popote.